Anayekoroma Sana Huenda Hapumziki

Wanaume wengi tunaowaona hapa Moshi kwa tatizo la usingizi huletwa na wake zao. Mama anatoa simu, anabonyeza, na chumba kizima kinasikia mkoromo ukipanda, kisha kimya. Mume anacheka. Sisi tunahesabu: sekunde kumi, kumi na tano, ishirini. Ghafla anashtuka kama mtu aliyezamishwa majini, anavuta pumzi kwa nguvu, na mkoromo unaanza upya.

Nyumbani husema amelala fofofo. Hapana, huyo hapumziki. Misuli ya koo ikilegea usingizini, njia ya hewa huziba, oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo humshtua ili apumue, naye asubuhi hakumbuki chochote. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, na hali hiyo ikijirudia mara 5 au zaidi kila saa huku mchana anasinzia, huo ni ugonjwa. Ikifika mara 30 kwa saa, ni ugonjwa mkali. Unene, hasa wa shingo, ni sababu kubwa. Mbege au bia za usiku huzidi kulegeza koo, na kulala chali nako huchangia. Kwa mtoto, mara nyingi ni mafindofindo yaliyovimba: analala mdomo wazi, anakojoa kitandani, darasani hatulii, anachapwa kwa kosa ambalo si lake. Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya barabara. Dereva wa Kosta anayeondoka alfajiri kwenda Arusha akiwa na ugonjwa huu anaweza kusinzia kwenye usukani hata kama alikaa kitandani usiku kucha. Presha isiyoshuka licha ya dawa nayo wakati mwingine chanzo chake ni hiki. Tiba ipo: kupunguza uzito, kulala ubavu, na kwa wengine mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa.

Kukosa usingizi ni jambo jingine. Likitokea usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, usilipuuze. Mara nyingi nyuma yake kuna wasiwasi, msongo au huzuni. Wakati mwingine ni maumivu, simu kitandani, au kahawa. Ndiyo, sisi ni watu wa kahawa, lakini karibu nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi na moja jioni huwa bado imo mwilini saa nne usiku. Tafadhali usijinunulie vidonge vya usingizi: mwili huvizoea, na baadhi huzidisha kukatika kwa pumzi.

Kukabwa na jinamizi kunatisha, na hakuna haja ya kumtafuta jirani mchawi. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusitende tunayoyaota. Akili ikiamka kabla ya misuli, unaona chumba, husogei, kifua kizito. Huisha baada ya sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi wanaolala kidogo na wenye zamu zinazobadilika, kama walinzi na wauguzi.

Na miguu isiyotulia usiku, hasa kwa wajawazito? Mara nyingi madini ya chuma yamepungua. Omba upimwe damu kwanza, ndipo mzungumzie dawa.