Kwa nini trela ikiishiwa upepo inakamata breki badala ya kuachia?

Juzi natoka Gongoni na mzigo wa chumvi naelekea Malindi, nakaribia daraja la Sabaki nikasikia fyuuu huko nyuma, geji ya upepo inashuka, kengele ya dashibodi inalia, na kabla sijakaa vizuri pembeni trela ishakamata, tairi za nyuma hazizunguki kabisa na matatu nyuma yangu wanapiga honi kama wamebeba bi harusi. Wakaja vijana wa boda kutazama, mmoja akaniambia pole baba, breki zimefeli. Nikamwambia hazijafeli mwanangu, hizi ndo zimefanya kazi. Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Sa manake ni hivi. Ukikanyaga pedali ni kweli upepo ndo unasukuma laini za breki, zile pedi, kwenye dramu, hapo hakuna ubishi. Lakini boosta nyingi za nyuma, yaani vile vikopo vya chuma vinavyosukuma breki, zina vyumba viwili, na kile cha pili kimefungiwa springi moja nene sana inayosukuma kwa nguvu ya karibu tani nzima, na kazi yake hiyo springi ni kukamata tu, mchana na usiku. Upepo ndo unaizuia. Ni kama ule mlango wa wavu wa mbu wenye springi, mtu ameushika uwe wazi, akichoka akaachia paa! unajifunga wenyewe. Tangi likijaa, baa 8 na zaidi (baa ndo kipimo cha upepo), springi imebanwa na gari inatembea, ikianza kushuka chini ya baa 5 hivi springi inaanza kujinyoosha na laini zinaanza kugusa dramu, ikizidi kushuka ndo basi, umeshasimama hata kama hutaki.

Fikra yenyewe ilianzia kwenye treni. George Westinghouse wa Marekani alisajili breki ya upepo mwaka 1869, na ile ya kwanza upepo ukija ndo inakamata, kwa hiyo mabehewa yakikatika nyuma yanabaki bure bila breki. Mwaka 1872 akaipindua, kila behewa likapewa tangi lake na bomba likipoteza upepo valvu inamwaga ule wa tangini kwenye breki. Kuna trela za zamani zinafanya vivyo hivyo, hazina springi, zinakamata kwa upepo wa tangi lao wenyewe, na hizo uziogope, manake ukiiacha imetenganishwa na kichwa cha lori usiku kucha tangi likavuja taratibu asubuhi breki zimeachia zenyewe. Ndo maana mimi siendi kulala bila jiwe chini ya tairi, hata taniboi akinicheka.

Kutafuta tatizo sasa. Kwanza zima injini usikilize, usianze kufungua vitu. Paipu nyekundu ndo inapeleka upepo trela, ya manjano inapeleka amri ya pedali (gari za Kimarekani hiyo ni ya buluu). Ikivuja tu pale mtu anapokanyaga, shida iko upande wa manjano au mpira wa pedali ndani ya boosta. Ikivuja muda wote breki zikiwa zimeachia, ni upande wa nyekundu. Na ukisikia upepo unatokea tundu la chini la valvu ya trela usikimbilie duka la spea kununua valvu, mimi nishapoteza hela hivyo, mara nyingi ni mpira wa upande wa springi umetoboka na upepo unarudi kinyumenyume mpaka pale. Maji ya sabuni kwenye chupa yatakuonyesha povu.

Halafu huku kwetu pwani kuna unyevu na chumvi. Matangi yanashika maji, yamwage kila siku. Trela ikilala siku tatu nne karibu na mashamba ya chumvi laini zinashikana na dramu kwa kutu, upepo uko sawa na tairi bado haizunguki, na watu wanalaumu valvu. Boosta ya springi usiifungue ile mkanda wake, hiyo inaua mtu. Kuna boliti yake ya kuibana, na ukishaibana ujue gurudumu hilo halina breki ya kuegesha tena.

Mpwa wangu anaendesha Marekani, akaniambia huko trela nyingi ekseli zinateleza. Uzito ukizidi mbele au nyuma unavuta kitufe chekundu springi zikamate tairi za trela, unachomoa pini, kisha unasogeza kichwa na bodi inateleza juu ya ekseli zilizosimama. Ukienda mbele ekseli zinabaki nyuma na uzito unahamia kwenye kichwa, kwa trela nyingi tundu moja la inchi 6 ni kama paundi 400. Breki za trela zikiwa mbovu hutelezeshi kitu, yote inatembea pamoja. Na pini ikigoma usiipige nyundo, mara nyingi imebanwa tu, tikisa kichwa mbele na nyuma kidogo itoke. Zetu hazitelezi, ukizidisha ekseli tatu za nyuma kwenye mizani, zile za tairi mbilimbili mwisho tani 24, ni kupanda juu kuhamisha magunia kwa mkono.

Ya kwangu pale Sabaki ilikuwa paipu nyekundu imejisugua kwenye chesi mpaka ikatoboka. Nikakata kipande, nikatia joinisho, nikawasha injini tukakaa kungoja geji, sita, saba, nane, nikasukuma kitufe, pshhh, springi zikarudi ndani. Yule kijana wa boda ndiye aliyetoa jiwe.