Anza na saa kumi jioni

Mtu akija kwangu kutaka ratiba ya chakula, mara nyingi ameshajiandikia ya kwake: kifungua kinywa, chakula cha mchana, chakula cha jioni. Namwomba kwanza aniandikie kwa siku tatu kila kilichoingia kinywani, pamoja na saa. Daftari likirudi, milo ile mitatu haina kasoro kubwa. Penye kasoro ni saa kumi jioni, mahali ambapo ratiba yake haikuwa na neno: soda, biskuti nne, kipande cha keki alichokaribishwa kazini.

Ndiyo maana siku hizi naanzia kwenye pengo hilo, milo mikubwa inafuata. Kati ya mchana na jioni zinaweza kupita saa sita au saba, na mwili lazima udai chake. Asusa si ulafi. Ni mlo mdogo, nao unastahili nafasi yake kwenye ratiba. Ninachotaka ndani yake ni protini na nyuzinyuzi, kwa sababu hivyo havitoki tumboni haraka. Konzi moja ya karanga zisizo na chumvi, kama gramu 30, ina takriban gramu 7 za protini. Yai la kuchemsha na karoti ni sawa pia, au mtindi usiotiwa sukari pamoja na tunda. Aliyekula hivyo hukaa mezani jioni na njaa ya kawaida, si ile ya kudokoa sufuriani huku amesimama.

Linganisha na soda. Mililita 330 zina gramu 35 hivi za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, tukihesabu na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Kopo moja limeshakula zaidi ya nusu, na baada ya muda mfupi njaa imerudi palepale.

Asusa ikikaa sawa, milo mikubwa hupangika kwa macho tu. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo nafaka, ikiwezekana isiyokobolewa, na robo maharage, samaki, mayai au nyama. Shirika hilohilo linataka mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi havihesabiwi humo. Kwa milo miwili pekee wengi hawafiki, kwa hiyo tunda la saa kumi lina kazi yake kwenye hesabu hiyo pia. Chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na iliyomo tayari kwenye mkate na vyakula vya kopo.

Mafuta nayafundisha kwa vitendo. Namwambia mtu amimine kwenye sufuria tupu kwa mkono aliouzoea, kisha tunayachota kwa kijiko cha chakula kuyarudisha kwenye kikombe, tukihesabu kwa sauti. Kijiko kimoja kina kilokalori 120 hivi. Tukifika cha tano mtu hunyamaza, na hapo ndipo huanza kuniuliza maswali ya maana kuliko nikimsomea jedwali zima.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au mwenye ugonjwa wa figo, asibadilishe ratiba kabla ya kuongea na wanaomtibu. Kwake hata tunda lina kipimo.

Wewe mwingine, anza usiku wa leo. Pima konzi yako ya karanga, itie kwenye kikopo chenye mfuniko, osha tunda moja, kisha viweke vyote ndani ya mkoba unaotoka nao asubuhi. Ukiviacha mezani utavisahau.