Makovu ya tetekuwanga kwa watoto: yasemwayo na yaliyo kweli

Mtoto akishapona tetekuwanga, swali linaloulizwa kwenye maduka ya dawa ya Kisumu ni lile lile: krimu gani ya kuondoa makovu usoni? Swali hilo limechelewa, kwa kuwa kovu huzuiwa vipele vingali vibichi. Tena mara nyingi kinachoulizwa si kovu.

"Kila alama nyeusi ni kovu."

Hapana, na hii ndiyo dhana inayozaa nyingine nyingi. Tetekuwanga huacha alama za namna mbili. Doa ni rangi tu: ngozi iliyovimba kwa ugonjwa hutoa rangi kupita kiasi, na kwa watoto wenye ngozi nyeusi kama wetu doa hilo hukolea na kukawia. Pitisha kidole juu yake na hutahisi shimo wala uvimbe. Kovu lenyewe huhisika kwa kidole: ni kishimo kilichobaki pale tabaka la ndani la ngozi lilipoharibika, au, kwa wachache, kinundu kinachoinuka na kuendelea kukua, yaani keloidi. Doa hufifia lenyewe, kwa miezi kadhaa au hata mwaka na zaidi. Kishimo hakifutiki kwa krimu yoyote, ingawa kwa baadhi ya watoto huja kupungua kuonekana.

Ukishajua hilo, utaona hasara ya krimu za kung'arisha zinazouzwa sokoni bila hata orodha ya viambato. Nyingine zina haidrokwinoni, kemikali ya kupausha ngozi, nyingine zebaki, nyingine steroidi kali. Zebaki huharibu figo na ubongo, na steroidi kali huifanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba na yenye michirizi. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini marufuku haijawahi kuzuia kikopo kupita mpakani. Doa ambalo lingeisha lenyewe linageuzwa jeraha la kudumu, na mzazi amelipia.

Limau nalo liache jikoni. Maji yake yakikutana na jua la mchana, huunguza ngozi na kuacha doa jeusi kuliko lile la mwanzo. Mafuta ya vitamini E yana sifa kubwa kuliko kazi yake: jaribio dogo lililochapishwa Marekani mwaka 1999 lilihusu makovu ya upasuaji, na mafuta hayo hayakusaidia, huku thuluthi hivi ya waliopaka wakipata mwasho wa ngozi. Kinachosaidia doa ni kofia pana, kivuli, na subira. Jua la pwani ya ziwa hulikoleza upya kila siku.

"Usimwogeshe, vipele vitarudi ndani."

Hili dani, yaani nyanya, atakuambia kwa sauti ya mtu aliyelea watoto wanane, na si rahisi kumbishia. Lakini virusi tayari viko mwilini. Maji hayavisukumi popote. Mtoto asiyeoga hubaki na jasho na uchafu juu ya vidonda vilivyo wazi, na bakteria wakiingia ndani ya kidonda, kinachimbika zaidi. Hapo ndipo vishimo vingi hutoka. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, bila dodoki, kisha mkaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua. Ukipenda, tia ndani ya maji shayiri iliyosagwa laini sana; hutuliza mwasho. Mablanketi mazito nayo yaondoke: joto huongeza mwasho, na Kisumu haina upungufu wa joto.

"Kidonda kikauke haraka, ndiyo dawa."

Ndiyo maana watoto hupakwa spiriti, majivu, dawa ya meno, au ile dawa ya zambarau mpaka uso mzima ubadilike rangi. Spiriti huchoma ngozi mpya inayoota. Majivu huingiza uchafu. Zambarau huficha wekundu ambao ungekuonyesha kuwa kidonda kimeingiliwa. Kwa kweli kidonda chenye unyevu kidogo hupona vizuri kuliko kilichokauka na kupasuka. Lengelenge zima lipakwe loshoni ya kalamini, mbali na macho. Kigaga kikishaundika, mafuta ya mgando ya kawaida, yaliyochotwa kwa mikono safi, yanatosha. Kigaga kisibanduliwe. Kianguke chenyewe.

Kujikuna ni kweli huongeza makovu, lakini kumfokea mtoto wa miaka mitatu aache kujikuna ni kazi bure. Kata kucha zake na uzilainishe kingo, mvishe soksi mikononi usiku, na umwulize mhudumu wa afya kuhusu dawa ya mwasho inayofaa umri wake. Homa mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe kabisa, kwani kwa watoto wenye tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo. Ibuprofeni pia iepuke. Wekundu unaosambaa kuzunguka kidonda, usaha, maumivu makali, au homa inayorudi baada ya kupoa: hapo usingoje kesho. Na akibaki na vishimo licha ya yote hayo, mama asilaumiwe. Vipele vingine huchimba vyenyewe hata visipoguswa.

"Waache ndugu zake waambukizwe pamoja, yaishe mara moja."

Wazo hili linavutia kwa nyumba yenye watoto wanne na likizo fupi. Lakini mtoto anayeambukizwa na ndugu yake ndani ya nyumba, kwa kawaida hupata vipele vingi kuliko aliyetangulia, na vipele vingi maana yake ni nafasi nyingi za kovu. Bora kumtenga yule mgonjwa, ingawa kuna tatizo: huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana, hadi vyote vifanye vigaga.

Kwa keloidi, daktari wa ngozi ana jeli ya silikoni na sindano. Kwa vishimo, matibabu yapo pia lakini si ya haraka; madaktari wengi hungoja angalau miezi sita hadi mwaka waone ngozi yenyewe itafanya nini.

Chanjo ya tetekuwanga ipo tangu miaka ya 1970, ilipobuniwa Japani na Michiaki Takahashi. Nchini Kenya haimo katika ratiba ya chanjo za bure za serikali, kwa hiyo utailipia katika hospitali binafsi, dozi mbili. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na ambaye hajawahi kuugua, akichanjwa ndani ya siku 3 hadi 5 tangu akutane na mgonjwa, anaweza kuepuka ugonjwa au kuupata kidogo tu. Kwa hiyo shule ikipiga simu kuwa kuna tetekuwanga darasani, ulizia chanjo jioni hiyo hiyo.