Ulinganishi wa kimataifa wa ufaulu wa wanafunzi: maana yake na namna ya kuusoma

Ulinganishi wa kimataifa wa ufaulu ni kuwapima wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa kipimo kimoja, wakiwa na umri uleule au darasa lileile, ili ijulikane watoto wa nchi hii wanaweza nini wakiwekwa pamoja na wenzao wa nchi ile. Uzito wote uko kwenye hicho kipimo kimoja, kwa sababu mitihani ya taifa haikutungwa kwa kazi hiyo. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linatunga mtihani wa darasa la saba kwa kufuata mtaala wetu na kwa mahitaji yetu. Asilimia ya waliofaulu Tanzania na asilimia ya waliofaulu Malawi zimetoka kwenye karatasi mbili zisizojuana.

Mtu anayenunua mahindi soko la Kibaigwa, kule Kongwa, hahitaji kuelezwa sana. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, na gunia la kawaida yote yanaitwa gunia moja, lakini huwezi kulinganisha bei zake mpaka yapande mizani.

Hata ndani ya nchi moja, daraja la mtihani hutegemea mahali mpaka wa alama ulipowekwa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni ziro, yaani walifeli. Serikali iliunda tume, na mwaka 2013 matokeo yakafutwa, yakapangwa upya na kutangazwa tena, waliofaulu wakaongezeka. Wanafunzi walikuwa walewale na majibu yao yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo mzazi akisema "mwaka huu shule yetu imepanda" au "Wakenya wanatuzidi" kwa kutazama asilimia za mitihani ya taifa, anajenga hoja kwenye mchanga.

Tafiti zinazotajwa sana duniani ni tatu. PISA inaendeshwa na OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, yenye makao yake Paris. Ilianza mwaka 2000 na inapima vijana wa miaka 15 katika hisabati, kusoma na sayansi. TIMSS ilianza 1995, nayo inapima hisabati na sayansi kwa darasa la nne na la nane. PIRLS, ya kusoma, ilianza 2001. Hizo mbili ni za IEA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa elimu. Tanzania haimo kwenye orodha ya PISA, na ndiyo maana gazeti likiandika kwamba Singapore imeongoza dunia mwaka 2022, jina letu hutalikuta hata ukishuka hadi mkiani.

Sisi tumepimwa kwingine. SACMEQ ni umoja wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, na huwapima wanafunzi wa darasa la sita. Mwaka 2007, katika awamu yake ya tatu, Tanzania Bara ilipata wastani wa 577.8 katika kusoma, ikaongoza kundi zima, mbele ya Shelisheli yenye 575.1 na Morisi yenye 573.5. Kenya ilikuwa na 543.1. Katika hisabati Morisi iliongoza kwa 623.3, Kenya ikapata 557.0 na sisi 552.7. Nikiwasimulia watu matokeo haya hapa Dodoma, wengi hawaamini. Tumezoea kusikia tuko nyuma.

Namba hizo si asilimia, wala si alama 577 kati ya 1,000. Watafiti huchukua awamu moja, wakaufanya wastani wa kundi fulani la nchi katika awamu hiyo kuwa 500, kisha wakapanga mtawanyiko wa alama ili takribani theluthi mbili ya wanafunzi waangukie kati ya 400 na 600. PISA hufanya hivyo, na SACMEQ pia hufanya hivyo, lakini kila mmoja kwa kundi lake la nchi. Singapore ilipata 575 katika hisabati ya PISA 2022. Ukiiweka kando ya 577.8 yetu ya kusoma, zinaonekana kama pacha, ilhali hazina uhusiano wowote. Moja imepimwa kutoka wastani wa nchi nyingi tajiri, nyingine kutoka wastani wa majirani zetu.

Jambo la pili ni nani hasa alipimwa. Tafiti hizi hazipimi kila mtoto. Huchaguliwa sampuli ya shule kwanza, kisha wanafunzi ndani ya shule hizo, na kila mwanafunzi hupewa uzito kulingana na idadi ya wenzake anaowawakilisha. Ni njia nzuri, lakini mtoto asiye shuleni hawezi kuangukia kwenye sampuli ya shule. Vietnam iliingia PISA mwaka 2012 ikapata 511 katika hisabati, juu ya Marekani yenye 481, na dunia ikashangaa kwa haki. Ila sampuli yake iliwakilisha asilimia 56 tu ya vijana wa miaka 15 wa nchi hiyo. Sifa ya walimu wa Vietnam inabaki palepale, lakini hatuwezi kusema tumesikia habari za vijana wote wa Vietnam.

Kwetu pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 2010 ilipoanza Uwezo, tathmini ya asasi za kiraia ya kupima kama watoto wanaweza kusoma na kuhesabu. Uwezo haikwenda shuleni, ilikwenda nyumbani. Mpimaji anaingia kwenye kaya, mtoto anapewa karatasi na kuombwa asome kwa sauti: silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Anayekwama kwenye maneno anaandikwa hapo alipokwama. Mtoto wa Bahi aliyeacha shule akachunge ng'ombe naye anapimwa, almradi yuko nyumbani siku hiyo. Matokeo ya mwaka 2011 yaliumiza: kati ya wanafunzi kumi wa darasa la tatu, ni watatu tu walioweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili.

Basi nchi hiyohiyo iliongoza ukanda kwa kusoma mwaka 2007, na miaka minne baadaye watoto saba kati ya kumi wakashindwa hadithi ya darasa la pili. Wapo waliosema lazima mmoja kadanganya. Mimi sioni uongo hapo. SACMEQ iliwapima waliofika darasa la sita, kwa karatasi yenye maswali ya kuchagua jibu. Uwezo iliwasikiliza wa darasa la tatu ana kwa ana. Zaidi ya hapo, nafasi ya kwanza ni nafasi kati ya wale waliokuwepo. Malawi ilipata 433.5 na Zambia 434.4 katika kusoma, hivyo mtu anaweza kuwa mbele sana ya wenzake na bado yuko mbali na pale anapotakiwa kuwa. Uwezo haikuuliza mtoto amemzidi nani. Iliuliza kama anaweza kusoma au hawezi. Kwangu mimi swali hilo ndilo la kwanza, na nafasi kwenye jedwali ifuate baadaye.

Halafu kuna lugha, ambayo husahaulika kuliko yote. Wanafunzi wa Tanzania Bara walifanya SACMEQ kwa Kiswahili, lugha waliyofundishiwa tangu darasa la kwanza. Wenzao wa Kenya na Zambia walifanya kwa Kiingereza. Sehemu ya ushindi wetu inatoka hapo, na sioni sababu ya kuuonea aibu: mtoto akifundishwa na kupimwa kwa lugha anayoielewa, uwezo wake unaonekana. Lakini hata Kiswahili si sawa kwa wote. Mtoto wa Chamwino anayeingia darasa la kwanza akitoka nyumba ya Kigogo, au wa Chemba anayezungumza Kisandawe, anajifunza kusoma na kujifunza lugha kwa wakati mmoja. Wastani wa taifa unamficha huyo ndani ya mwenzake wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo ukikutana na jedwali la nchi, kabla ya kutafuta tuko wa ngapi, tafuta waliopimwa ni wa darasa gani, wangapi wa rika lao hawamo, na walipimwa kwa lugha ipi. Swali la darasa litazidi kuwa zito kwetu, kwani mfumo mpya unapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Darasa la sita la mwaka 2007 lilikuwa na mwaka mzima mbele yake kabla ya mtihani wa kumaliza. Darasa la sita la mfumo mpya ndilo la kumaliza, na huenda likawa na mazoezi, majaribio na kambi za masomo. Wastani wake ukija kupanda juu ya 577.8, itabidi kwanza ijulikane ni kiasi gani cha kupanda huko kimetokana na maandalizi hayo, na ni kiasi gani kimetokana na watoto kusoma vizuri zaidi.