Kabla hujamkanda mgonjwa mwenye kibandiko cha maumivu

Jioni moja niliitwa kwenye nyumba moja Mwanga, hapa Kigoma mjini. Binti alikuwa anamuuguza mama yake, mgonjwa wa saratani iliyokwishafika kwenye mifupa. Mama alitibiwa Dar es Salaam, akarudi nyumbani na boksi la vibandiko vya fentanili, dawa kali ya maumivu, na mimi kama mfamasia niliombwa nipite tu kuona kama wanavitumia sawasawa.

Nilimkuta binti amepiga magoti pembeni ya kitanda, beseni la maji ya moto liko sakafuni linafuka mvuke, anakamua taulo na kulitandaza mgongoni kwa mama yake. "Karibu dokta," akaniambia kwa sauti ya chini. "Leo mama amelala vizuri kweli." Mama alikuwa anakoroma. Nikahesabu pumzi: saba kwa dakika nzima. Nikamwita, nikamtikisa bega, akafumbua macho kidogo tu. Mboni zake zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Huo haukuwa usingizi mzuri, ni dawa iliyokuwa imezidi. Nilipofunua taulo, kibandiko kilikuwa pale pale chini yake, ngozi ya pembeni ina joto.

Tulikibandua papo hapo, tukamlaza ubavu, tukawa tunamwita jina lake njia nzima hadi hospitali. Alizinduka. Walimshikilia hadi kesho yake, na binti hakuelewa kwa nini, maana dawa tulikuwa tumeshaitoa mwilini. Kumbe hapo ndipo penyewe: tuliitoa juu ya ngozi, si mwilini.

Fentanili ni dawa ya jamii ya mofini, ila ina nguvu kuliko mofini mara nyingi sana. Kwenye kibandiko inapenya ngozi kidogo kidogo, inatengeneza akiba ndani ya ngozi yenyewe, na kutoka kwenye akiba hiyo inaingia kwenye damu. Ndiyo maana ukibandika leo asubuhi, mgonjwa hatapata nafuu kamili mpaka saa 12 au hata 24 zipite. Na ukibandua, kiwango kwenye damu huchukua saa 17 au zaidi kupungua kwa nusu tu. Hata naloksoni, sindano ya kuiondoa nguvu dawa hii, inaweza kuisha kazi wakati fentanili bado inachuruzika kutoka kwenye akiba. Mgonjwa wa namna hii haangaliwi kwa saa moja akaruhusiwa.

Sasa weka joto juu ya mfumo huo. Mishipa ya ngozi inatanuka, na dawa iliyopimwa ya siku tatu inaanza kuingia kwa kasi. Taulo la maji ya moto, chupa ya maji ya moto, kujifukiza, jiko la mkaa lililosogezwa kitandani kwa sababu bibi anahisi baridi, kuota jua kwa muda mrefu: yote yanafanya kazi hiyo hiyo. Homa nayo ni joto, linalotoka ndani. Kwa mkoa wetu wenye malaria, mwenye kibandiko akipandisha homa nataka apimwe siku hiyo hiyo, na aliyemwandikia dawa ajulishwe, kwa sababu huenda dozi ikabidi ipunguzwe.

Watu wengi wanakifananisha na zile plasta za mgongo zinazouzwa madukani, ambazo unabandika panapouma na kukata kipande ukitaka. Hiki hakikatwi kamwe. Wala hakifuati panapouma, kwa kuwa kinafanya kazi kupitia damu: kifua, mkono wa juu au mgongo wa juu panatosha, kila safari sehemu mpya. Osha kwa maji matupu bila sabuni, kausha, bandika, kandamiza kwa kiganja sekunde 30. Ngozi iliyopakwa mafuta ya mise haishiki kibandiko, na kikilegea usiku kinaweza kuhamia kwa mjukuu anayelala na bibi yake. Hilo limeshatokea nchi nyingine na watoto wamekufa. Kila jioni pitisha mkono uhakikishe kipo.

Kinabadilishwa kila baada ya saa 72, cha zamani kikitoka kwanza. Andika siku na saa kwenye kalenda ya ukutani. Kilichotumika bado kimebaki na dawa nyingi, wakati mwingine zaidi ya nusu ya ile ya mwanzo. Kikunje gundi kwa gundi, kitumbukize kwenye choo cha shimo. Usikitupe jalalani, mtoto atakiokota ajibandike.

Tena, usimpe jirani. Kibandiko cha mikrogramu 25 kwa saa kinakaribiana na miligramu 60 hadi 90 za mofini ya kunywa kwa siku. Mwili ambao haujazoea mofini unaweza kuacha kupumua. Pombe na dawa za usingizi zinaongeza hatari hiyo. Nauliza pia kuhusu ARV zenye ritonavir, erithromaisini na ketokonazo, kwa sababu zinaizuia fentanili isivunjwe mwilini. Mgonjwa asione aibu kunitajia anachomeza, maisha yake yako hapo. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile ya kibandiko cha kwanza.

Maumivu yakimpanda kabla ya saa 72, usiongeze kibandiko cha pili. Mgonjwa awe na mofini ya maji ya kunywa aliyoandikiwa kwa ajili hiyo, na kama anaihitaji mara kwa mara, arudi dozi ipangwe upya.

Mama yule aliporudi nyumbani binti aliniuliza swali lililokuwa linamkaa moyoni: "Sasa dokta, nimkande wapi?" Sikutaka aache. Mkono wa mwanawe ulikuwa unamtuliza kwa namna ambayo sina dawa yake dukani. Nilimwambia amkande miguu, kuanzia gotini kushuka, kwa mikono mikavu au kwa mafuta ya mise ambayo hayajapashwa moto. Wiki iliyofuata nilimkuta amekaa mwisho wa kitanda, nyayo za mama ziko mapajani mwake, na mama anamwelekeza: "Kidole kile kidogo, umekisahau."