Kipande cha koo kinachochukuliwa kwa utafiti hakiuzwi

Malalamiko yanayofika siku hizi kwenye kitengo chetu cha utafiti wa njia ya hewa hapa Mombasa ni ya aina mbili, na yanapingana. Wapo wanaosema tunawakata watu nyama za koo tukauze Ulaya. Wengine huja na video kwenye simu wakitaka koo jipya la kutengenezwa, na wakiambiwa halipo huona tunawanyima. Naomba tuelewane.

Wagonjwa wetu wengi waliwahi kulazwa mahututi wakapitishiwa mpira wa kupumulia. Mpira huo una puto dogo linalojazwa hewa. Msukumo wa puto ukizidi sentimita 30 za maji (ndicho kipimo cha msukumo huo), utando wa ndani hukosa damu na kufa, kisha kovu huota na kubana njia. Haya hujitokeza wiki au miezi baada ya mtu kurudi nyumbani. Kwanza mteremko wa feri pale Likoni unakushinda. Njia ikibaki milimita 5 hivi, hata umeketi barazani pumzi yako inasikika, mluzi wakati wa kuvuta hewa. Huo si pumu. Bado tunaletewa watu waliopuliza pampu ya pumu mwaka mzima bila nafuu, na jirani ndiye aliyewaambia wana pumu.

Tiba ipo: kutanua kwa puto, kuweka mpira wa kushikilia njia, au kukata palipobana na kuunga ncha mbili. Bomba la hewa, yaani ile njia ya koo inayoshuka hadi mapafuni, kwa mtu mzima lina sentimita 10 hadi 12, na karibu nusu yake yaweza kuondolewa. Ugonjwa ukizidi hapo ndipo utafiti wa kuotesha tishu unapoingia. Seli za mgonjwa, zinazotolewa kwenye kile kipande cha koo, hupandwa kwenye kiunzi, yaani umbo la kuzishikilia, ili ziote gegedu na utando. Kwa maneno ni rahisi. Lakini bomba hili halina mshipa mmoja mkubwa wa damu wa kushonea, linalishwa na vimishipa vingi vidogo mno, na kiunzi kisichofikiwa na damu huoza. Ndani nako lazima viote vinyweleo vya kufagia makohozi, la sivyo yanajaa na kuziba.

Mwaka 2008 huko Barcelona mgonjwa mmoja aliwekewa bomba la marehemu lililooshwa seli na kupandwa za kwake, na dunia ikashangilia. Kuanzia 2011 daktari Paolo Macchiarini akaweka mabomba ya plastiki huko Uswidi. Wagonjwa wake watatu wa huko wote walifariki. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilifuta makala zake mbili, na 2023 mahakama ya rufaa ya huko Uswidi ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Baadhi ya video mnazotuletea ni za enzi zile za shangwe.

Sasa utaratibu. Hakuna utafiti unaoanza bila kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, chini ya sheria ya mwaka 2013. Una haki ya kudai kuonyeshwa vyote viwili. Fomu ya ridhaa husomwa kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wetu. Mtoto hutiliwa sahihi na mzazi au mlezi, naye mwenyewe huulizwa akiwa na umri wa kuelewa. Chupa ya sampuli huandikwa nambari, si jina. Ukibadili nia unajitoa, na matibabu yako hayaguswi. Nauli twaweza kukurudishia. Malipo ya nyama hakuna. Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa biashara ya viungo vya binadamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inazihesabu habari za afya yako kuwa nyeti. Sampuli haivuki mpaka bila mkataba wa maandishi na idhini ya serikali. Kwa hiyo anayesema tunauza atuonyeshe mnunuzi.

Ukija kliniki, leta karatasi ya kutoka hospitali inayoonyesha siku ulizokaa na mpira. Pampu pia ilete, hata kama haikukusaidia.