Klezmer: neno la mtu lililogeuka jina la muziki

Tangu mwaka 1988, Poland ikiwa bado chini ya utawala wa kikomunisti, mji wa Kraków umekuwa na Tamasha la Utamaduni wa Kiyahudi. Kwa miaka mingi kilele chake kilikuwa onyesho la usiku katika mtaa wa Szeroka, kitongoji cha Kazimierz, watu wamesimama bega kwa bega karibu na masinagogi ya kale. Neno linalojirudia katika matangazo ya maonyesho ya namna hii ni klezmer, na wengi hulichukulia kuwa jina la mtindo, kama rumba au taarab. Lakini halikuanza hivyo.

Asili yake ni Kiebrania: kli ni chombo, zemer ni wimbo. Kwetu ngoma ni chombo, na papo hapo ni uchezaji na shughuli nzima. Wayahudi wa Ulaya Mashariki neno lao walilipeleka kwingine, kwa mpigaji mwenyewe. Katika Kiyidi, lugha yao iliyokaribiana na Kijerumani lakini ikaandikwa kwa herufi za Kiebrania, klezmer alikuwa mtu, na wakiwa wengi waliitwa klezmorim. Kumwambia mtu wa zamani kwamba "unasikiliza klezmer" ni sawa na kumwambia fundi seremala kwamba umekalia fundi.

Kazi yao kubwa ilikuwa harusi. Kundi dogo lilitangulizwa na fidla, pamoja na tsimbl, kinanda cha nyuzi kinachogongwa kwa vijiti viwili, na besi. Klarineti ilikuja kushika nafasi ya mbele katika karne ya 19. Kabla ya ndoa kufungwa, bibi harusi aliketishwa katikati ya wanawake, na mshereheshaji aitwaye badkhn akamwimbia mashairi ya kumliza, fidla ikilia pamoja naye. Baada ya hapo ndipo dansi. Wageni walilipa kila walipotaka kuchezewa wimbo wao, jambo ambalo yeyote aliyewahi kutunza kwenye taarab hahitaji kuelezwa. Ufundi ulirithiwa, baba akimfunza mwana. Heshima yao mjini haikuwa kubwa, na walikuwa na lugha yao ya siri ya kusemezana mbele ya mwenye shughuli. Nadhani bei ilijadiliwa humo.

Alama ya muziki wenyewe ni kwikwi. Waliiita krekhts: fidla inaikatiza sauti ghafla, kama mtu aliyebanwa na kilio kooni. Nyimbo nyingi hupita katika ngazi iitwayo freygish, na hapa sikio la Unguja halitapotea, kwa kuwa inakaribiana sana na maqam ya Hijazi, moja ya ngazi za muziki wa Kiarabu. Muziki wa Waturuki wa Uthmaniya uliwafikia klezmorim kupitia Moldavia. Taarab nayo ilichota Misri. Visima viwili, maji ya chini yanajuana.

Poland inaingiaje? Kabla ya vita ya mwaka 1939 Wayahudi wa huko walikuwa wapata milioni 3.3, karibu mtu mmoja katika kila kumi. Klezmorim waliitwa pia kwenye karamu za mabwana wa Kipoland na harusi za wakulima Wakristo, wakapiga mazurka, dansi ya Kipoland, kwa hawa na freylekhs, dansi ya Kiyahudi ya furaha, kwa ndugu zao, na lahani zikahama upande hadi upande. Ushahidi ninaoupenda uko katika utenzi mkuu wa taifa hilo, Pan Tadeusz wa Adam Mickiewicz, uliotoka mwaka 1834. Karibu na mwisho wake, anayeketi na kuisimulia historia ya Poland kwa nyuzi, hadi wasikilizaji wakasisimka, ni Jankiel, Myahudi mwenye kilabu cha pombe, akipiga simbali, yaani tsimbl ile ile. Mshairi hakuona ajabu kumpa yeye kazi hiyo.

Wanazi waliua takriban milioni 3 kati ya Wayahudi hao, wapigaji na wachezaji pamoja. Kilichobaki kilikuwa kwa waliohama mapema. Naftule Brandwein, mpiga klarineti wa mji wa Przemyślany katika Galicia, eneo ambalo leo limegawanywa kati ya Poland na Ukraine, alikwenda New York mwaka 1908 na kurekodi santuri katika miaka ya 1920. Miaka ya 1970 vijana wa Marekani walizisaka santuri hizo, wakajifunza kwa kuiga, na hapo ndipo klezmer lilipoenea kama jina la muziki. Mtu alipokosekana, jina lilihamia kwenye sauti aliyoiacha.

Likarudi Poland likiwa na maana hiyo mpya. Kundi la Kroke, lililoanza Kraków mwaka 1992, limejiita kwa jina la Kiyidi la mji huo. Wengi wa wanaojaza maonyesho leo si Wayahudi, na wapo wanaolalamika kwamba Kazimierz inauza huzuni pamoja na supu. Lawama hiyo ina haki yake kwenye baadhi ya migahawa. Kwa mpigaji aliyekaa miaka akiitafuta kwikwi ile, sioni inamgusa vipi.

Jambo moja la kutofautisha: si kila muziki wa Kiyahudi wa Poland ni klezmer. Nyimbo za Mordechai Gebirtig, seremala wa Kraków aliyeuawa mwaka 1942 katika ghetto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, ni nyimbo za kuimbwa nyumbani na mitaani. Sala za waimbishaji wa sinagogi ni fani nyingine, na tango za Warszawa zilizotungwa na Wayahudi ni nyingine tena. Onyesho moja laweza kuzibeba zote.

Maana ya kale ilibaki kwa mtu mmoja hadi juzi. Leopold Kozłowski, mzaliwa wa Przemyślany na jamaa wa ukoo wa Brandwein, alinusurika vita, akaishi Kraków, akafundisha na kupiga piano mpaka uzeeni kabisa. Alifariki Machi 2019 akiwa na miaka 100. Walimwita klezmer wa mwisho wa Galicia.